Barua ya wazi kwa shirika la ndege: msituuzie viti kwa kangomba

Shangani, Mtwara

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Shirika la ndege lililotuvusha Bahari ya Atlantiki, mimi na mke wangu.
(Jina sikuliweka. Mwenye barua atajijua.)

Nakala: Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, mawakala wa tiketi wa Mtwara na Lindi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUUZIWA VITI VYA DARAJA LA KAWAIDA BILA KUAMBIWA VIPIMO

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Malalamiko yangu ya kwanza niliyatuma kwa barua pepe, kwa Kiingereza alichoninyooshea binti yangu. Ikajibu mashine, ikanishukuru kwa maoni yangu. Nikaandika tena. Safari hii akajibu mtu ambaye jina lake lilikuwa herufi mbili tu, akanizawadia pointi za kusafiria siku nyingine, zenye kuisha muda zisipotumika. Sikuomba pointi. Niliuliza maswali, na maswali yale bado yapo pale pale. Basi nayauliza kwa Kiswahili mbele za watu, ili na wenzangu wa huku Kusini wanaojiandaa kwenda kuona wana wao ng'ambo wayasikie kabla hawajatoa hela.

Mimi ni fundi seremala. Nimetengeneza viti vya sebuleni, viti vya baraza, madawati ya shule na mabenchi ya zahanati, kwa mkongo na kwa mninga, tangu ujana wangu. Nalisema hili mjue tu kwamba anayewaandikia habari za kiti anakijua kiti. Tulisafiri kwenda Houston kumwona mjukuu. Tulitoka Mtwara hadi Dar es Salaam, tukaruka usiku kwenda Ulaya, kisha tukapanda ndege yenu ya mwendo wa saa kumi na ushei juu ya maji. Barua hii inahusu kipande hicho cha mwisho.

1. Kiti hakina kipimo kwenye tiketi

Tiketi imeandika majina yetu kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Imeandika saa ya kuondoka, uzito wa mabegi, hata kodi za viwanja ambavyo tulipita tu. Kitu chenyewe tulichokinunua, yaani mahali pa kukaa usiku na mchana, hakikuandikwa urefu wala upana.

Nilipoketi nikatoa futi yangu (fundi haachi futi nyumbani, na wakaguzi wa uwanjani hawakuwa na neno nayo). Kati ya mkono wa kiti na mkono wa pili nilipata inchi 17, sawa na sentimita 43. Kutoka mgongo wa kiti changu hadi mgongo wa kiti cha mbele nilipata inchi 31, karibu sentimita 79. Msomaji asidhani hizo 79 ni za miguu. Ndani yake kuna unene wa egemeo la mbele, kuna paja la mtu kuanzia kiunoni hadi gotini, kuna mfuko wa magazeti. Mimi si mrefu, na magoti yangu yalikuwa yanagusa plastiki kabla abiria wa mbele hajalaza kiti chake. Simlaumu. Naye amelipa.

Vipimo hivi si vyenu peke yenu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Boeing 777 ilipoanza kazi mwaka 1995, mashirika mengi yaliweka viti 9 kwa safu katika daraja la kawaida. Siku hizi safu hiyohiyo aghalabu ina viti 10. Boeing 787 ilikuja ikitarajiwa kuwa na viti 8 kwa safu, na karibu mashirika yote yakaweka 9. Kiwiliwili cha ndege hakikupanuliwa hata kidogo. Sasa kiti cha kumi kimepatikana wapi? Kimekatwa kwenye viuno na mabega ya wale tisa.

Najua mtasema hakuna sheria mliyoivunja. Nimelifuatilia hilo. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliiagiza mamlaka ya anga ya nchi yao, FAA, iweke vipimo vya chini vya viti vya abiria. FAA ikafanya majaribio ya watu kutoka ndani ya ndege kwa dharura, ikasema viti vya sasa haviwacheleweshi. Lakini waliojaribiwa walikuwa watu wazima wenye afya, wasiozidi miaka 60. Mke wangu ameshaivuka 60 na goti lake moja ni bovu, kwa hiyo jaribio lile halimhusu. Mwaka 2022 wakaomba maoni ya wananchi, yakamiminika zaidi ya 26,000. Mwaka 2023 mahakama ikakataa kuilazimisha FAA itoe kanuni. Sawa. Sijasema mmevunja sheria. Nasema mmeuza bila kupima mbele ya mnunuzi.

Huku kwetu jambo hilo tunalijua vizuri, tunaliita kangomba. Mkulima kabanwa, ana mgonjwa au ada ya mtoto, na mnada bado. Anakuja mtu na chombo chake, anapima korosho kwa chombo hicho, na bei anaitaja mwenye chombo. Hakuna aliyekihakiki. Serikali imekipiga vita kitu hiki miaka na miaka, na msimu wa 2018 tuliona hadi wanajeshi wakisomba korosho. Kwenye chama cha msingi cha ushirika, kwa malalamiko yetu yote, angalau kuna mizani, kuna daraja la kwanza na la pili, kuna stakabadhi yenye kilo zilizoandikwa. Ninyi mnauza daraja ambalo hakuna anayejua limepimwa kwa nini. Nusu ya nauli yetu imetokana na korosho za mke wangu za Tandahimba, zilizopimwa kilo kwa kilo. Zikaenda kununua kiti cha kangomba.

2. Ndege ilibadilishwa kimyakimya

Wakala alituonyesha mchoro wa ndege yenye viti tatu-tatu-tatu. Ndiyo sababu tuliichagua safari ile, ingawa iliachana vibaya na ndege ya Mtwara na ikatubidi tulale Dar es Salaam. Tulipoingia tukakuta tatu-nne-tatu. Hakuna ujumbe wa simu, hakuna barua pepe, hakuna tangazo. Nilipouliza, mkajibu kwamba shirika lina haki ya kubadilisha ndege wakati wowote. Kweli, limo kwenye masharti, binti amenisomea. Ila hatukuona kwenye masharti hayo mahali palipowakataza kumwambia abiria.

3. Mke wangu aliwekwa peke yake

Tiketi zetu zilinunuliwa kwa pamoja, siku moja, kwa malipo mamoja. Mfumo wenu ukatutenganisha, kisha ukatutangazia kwamba tukitaka kukaa pamoja tulipie. Uwanjani tukaambiwa ndege imejaa. Mimi nikawekwa katikati ya ndege, yeye akapelekwa nyuma kabisa, kiti cha kati, baina ya wanaume wawili asiowajua.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu jibu lenu lilisema kuchagua kiti ni huduma ya ziada. Mke wangu ni mtu wa Mikindani, amelelewa kwa haya. Kiingereza hajui. Ili aende msalani ilibidi amwamshe mwanamume aliyelala, ama aruke magoti yake. Kwa hiyo alifanya wanachofanya wanawake wengi wa rika lake, na nina hakika wahudumu wenu wamekwisha kukiona mara nyingi bila kukijua: hakunywa maji. Alipokea kila kikombe, akashukuru, akakiacha. Nilikuwa nikimwendea kumtazama, mpaka mhudumu akaniomba nirudi kitini nisizibe njia. Alikuwa sahihi, toroli la chakula lilikuwa linakuja na njia yenyewe mnaijua.

Hewa ya ndani ya ndege hizi ni kavu, unyevu wake kwa kawaida haufiki asilimia 20. Sisi ni watu wa pwani, kwetu shuka hukauka kwa taabu. Mgandamizo wa hewa nao huweza kushushwa hadi kama wa mahali penye mwinuko wa mita 2,400. Newala, tunakokuona huku Mtwara kuwa ni juu na kuna baridi, hakufiki hata mita 1,000. Mweke mtu wa miaka sitini na kitu katika hewa hiyo, bila maji, bila kusogea, kwa saa kumi na ushei.

Tulipotua mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, kiatu kikakataa. Alitoka ndani ya ndege amevaa kandambili zangu. Binti akampeleka hospitali siku hiyohiyo, wakapima, damu haikuwa imeganda, alhamdulillahi. Gharama ya kipimo hicho huko Marekani sitaitaja, kuna wasomaji wenye presha.

Hofu ya binti haikuwa ya bure. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu wasafiri: anayekaa safarini saa nne au zaidi bila kujisogeza, hatari yake ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka kama mara mbili. Ni kweli kwamba wanaopatwa ni wachache, kama mmoja kati ya 6,000. Ripoti hiyo haikutaja ndege tu, ilitaja na gari, basi na treni, na ushauri unaotolewa ni uleule: jisogeze, simama, tembea. Na kabla hamjanijibu kwamba hata mabasi ya Mtwara yanabana, nakubali, yanabana. Lakini basi likifika Nangurukuru husimama. Mtu anashuka, ananyoosha miguu, anakwenda chooni bila kumwomba mtu radhi, ananunua chochote, anarudi. Abiria wa kiti cha kati juu ya Atlantiki Nangurukuru yake ni huruma ya aliyekaa pembeni.

4. Chakula

Fupi tu. Tuliagiza chakula cha Kiislamu mapema, tukapata uthibitisho, na ndani ya ndege hakikuwamo. Mke wangu alikula mkate na tunda. Hakufa. Lakini aliyetuthibitishia alithibitisha nini?

5. Haki zetu tulizisikia kwa mtu wa kando

Kule Ulaya ndege ilichelewa kuondoka, tukafika Houston tukiwa tumepitiliza saa nne. Tulipewa kuponi ambayo kwa bei za uwanja ule haikutosha chai na mkate kwa watu wawili. Hakuna karatasi tuliyopewa, hakuna aliyetuambia lolote zaidi ya "samahani kwa usumbufu".

Aliyekuja kutuambia ni abiria mwenzetu. Mji ule uko ndani ya Umoja wa Ulaya, na Umoja huo una kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Kwa kanuni hiyo na maamuzi ya mahakama yao, safari inayoanzia kwao, ya zaidi ya kilomita 3,500, ikifika kwa kuchelewa zaidi ya saa nne kwa kosa la shirika, kila abiria anadai yuro 600. Na si fidia tu. Kanuni hiyohiyo inalitaka shirika limpe abiria aliyecheleweshwa saa mbili au zaidi maelezo ya haki zake kwa maandishi. Yaani kutuambia haikuwa hisani, ilikuwa wajibu wenu.

Mlinijibu kwamba palikuwa na hitilafu ya kiufundi, jambo lisilozuilika. Mwaka 2008 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikwisha kusema kwamba hitilafu ya kiufundi ya ndege, kwa kawaida, si sababu ya kukwepa fidia. Watu wa Lindi na Mtwara tunajua lisilozuilika ni lipi. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam, abiria wakakwama njiani na watoto. Sijasikia hata mmoja aliyemdai dereva fidia ya mvua. Lakini ndege kuharibika kwenye uwanja wenu wenyewe, na mafundi wenu wapo, hilo ni la kwenu.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Najua majibu yatakayokuja, mengine nimeshayapata. La kwanza ni kwamba anayetaka nafasi anunue daraja la juu. Bei ya daraja la juu kwa safari ile ilikuwa mara kadhaa ya yetu, na kumwambia hivyo mkulima wa korosho ni kumwambia asiende kumwona mjukuu wake. Tena swali langu si kwa nini kiti ni kidogo. Swali langu ni kwa nini udogo wake ni siri.

La pili ni la biashara: mafuta, kodi, ushindani. Hili nalipa uzito wake. Chama chenu cha mashirika ya ndege, IATA, mwishoni mwa mwaka 2024 kilikadiria kwamba faida halisi kwa mwaka 2025 itakuwa kama dola 7 kwa kila abiria. Ni kidogo, naelewa, hata kitanda kimoja changu kina faida kuliko hiyo. Kwa hiyo sikuombi unirudishie ile safu ya viti 9, ingawa moyo wangu ungependa. Naomba uandike inchi. Kuandika tarakimu mbili kwenye ukurasa wa malipo hakutakula hata senti moja ya zile dola 7.

La tatu ni kwamba taarifa zote zipo kwenye tovuti. Binti yangu amesoma, anafanya kazi na kompyuta kila siku, na alizitafuta. Upana wa kiti aliupata kwenye tovuti za watu wengine, wanaopima viti vyenu kama nilivyopima mimi. Na kama zingekuwapo, zingekuwa kwa Kiingereza, ilhali tiketi mnaziuza Dar es Salaam kwa watu wanaozungumza Kiswahili na hela mnazipokea bila kuuliza lugha yake.

Ninachoomba ni hiki. Vipimo viwili, upana wa kiti na umbali wa kiti hadi kiti, vionekane kabla ya kulipa, na wakala wa Mtwara au Lindi aweze kuvisoma kwenye skrini yake na kumwambia mteja. Ndege ikibadilishwa ikawa yenye viti vyembamba zaidi, abiria atumiwe ujumbe na aruhusiwe kubadili safari bila faini. Mtu mzima aliyesafiri na mwenzake kwa tiketi moja asitenganishwe naye kwa ajili ya ada. Na kama ndege imejaa kweli, angalau apewe kiti cha njiani, si cha kati. Hilo la kiti cha njiani ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu halihitaji ndege mpya wala sheria mpya, linahitaji mtu wa kaunta kumtazama mama aliyesimama mbele yake. Karatasi ya haki za abiria itolewe, na kwa safari zinazoanzia Tanzania iwe na Kiswahili. Fidia yetu ya yuro 600 kwa kila mmoja ilipwe kwa fedha. Pointi zenu mzichukue.

Kwa TCAA na Baraza la Watumiaji, ambao sijawafikishia shauri hili kabla ya leo: nawaomba mtazame kama inafaa kila tiketi ya safari ndefu inayouzwa nchini ioneshe vipimo vya kiti. Kilo ya sukari dukani inahakikiwa. Lita ya petroli kwenye kituo cha mafuta inahakikiwa. Kiti kinachogharimu msimu mzima wa korosho nacho kiwe na tarakimu yake.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye jina kamili la aliyeliandika. Namba za tiketi mnazo kwenye malalamiko yangu ya awali. Jibu likija nitaliweka wazi kama nilivyoiweka barua hii, liwe zuri au baya.

Binti anataka kumleta mtoto Mtwara mwezi Desemba, bibi yake ameshaanza kuulizia ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila huku kwetu. Tiketi bado hazijanunuliwa. Nimemwambia kabla hajalipa shirika lolote aulize inchi ngapi, na asipojibiwa, aende kwa mwingine.

Wenu,
Fundi seremala,
Shangani, Mtwara.